Kundi lina watu 246, mkutanoni tunafika 14: tatizo liko wapi?

Swali

"Mtaalamu, naomba msaada. Eneo letu lina mtaro mkubwa wa maji ya mvua ambao umeziba kwa zaidi ya mwaka sasa. Mvua ikinyesha, maji yanaingia ndani ya nyumba. Tulifungua kundi la WhatsApp, limefikisha watu 246, nami ni mmoja wa maadmini. Humo kila mtu analalamika, picha zinawekwa usiku na mchana, na nikitangaza mkutano naletewa madole gumba na 'pamoja sana' mpaka nachoka kuhesabu. Siku ya mkutano tunafika watu 14, walewale. Nimejaribu kuweka picha za kutisha zaidi, nimewasema kwa ukali, nimetuma tangazo kila siku wiki nzima. Hata maneno yameanza, kwamba sisi viongozi tuna maslahi yetu. Sasa tunafikiria kuchangishana tulipie tangazo redioni, au tumlipe kijana atutengenezee video nzuri isambae. Kipi kitatufaa? Au nikubali tu kwamba watu wetu wameshazoea shida?"

Jibu

Poleni na maji. Unauliza redio au video, lakini chini yake nasikia wasiwasi mwingine: kwamba mmeshasema yote ya kusema na wenzako hawajali. Tuanze na huo, maana ukiuamini utanunua dawa ya ugonjwa ambao hamna.

Watu 246 hawakai kwenye kundi la mtaro, wakimaliza bando kwa picha za matope, kama hawajali. Wanajua mtaro umeziba, wanajua mkutano ni lini, na wengi wao wanakubaliana nawe neno kwa neno. Tangazo la redio lingewapelekea habari waliyonayo tayari. Kwa hiyo hela yenu ikae kwanza. Kinachokosekana ni vitu viwili: kila mmoja kuona kwa macho yake kwamba wenzake watakuwepo, na kila mmoja kuombwa yeye, kwa jina lake, na mtu anayemfahamu.

Mwaka 1965 mchumi wa Marekani, Mancur Olson, alitoa hoja ambayo mpaka leo inawakera wanaharakati. Alisema watu wenye maslahi mamoja hawaungani wenyewe kwa wenyewe kwa sababu tu maslahi yao ni mamoja. Mtaro ukizibuliwa, atanufaika aliyekuja mkutanoni na atanufaika aliyebaki kitandani. Basi kila mtu anategea, na kundi likiwa kubwa kutegea kunakuwa rahisi zaidi, kwa kuwa pengo la mtu mmoja halionekani. Ndiyo maana namba 246 unayoiona kama nguvu inaweza kuwa sehemu ya tatizo. Ukitangazia watu 246 kwa mpigo, hakuna hata mmoja anayeona kwamba ameitwa yeye.

Lakini Olson hakumaliza habari, maana watu huungana kila siku licha ya hesabu yake. Mwanasosholojia Mark Granovetter alieleza mwaka 1978 sehemu iliyobaki, na maelezo yake naona yanalifaa kundi lenu kuliko yote. Alisema kila mtu ana idadi yake moyoni. Kuna anayeanza peke yake bila kumngoja mtu. Kuna anayesubiri aone mmoja, mwingine aone watano, mwingine hatoki mpaka aone hamsini. Sasa chukua watu 100 wenye idadi zinazofuatana: wa kwanza sifuri, wa pili mmoja, wa tatu wawili, hivyo hivyo hadi yule anayesubiri 99. Wa kwanza akitoka, wa pili anamfuata, wa tatu anawafuata, na mwisho wote 100 wako nje. Kisha badilisha mtu mmoja tu. Yule aliyekuwa anasubiri kumwona mmoja, mfanye asubiri wawili. Wa kwanza anatoka, anageuka nyuma, hakuna mtu. Mambo yameishia hapo. Watu 99 kati ya hao 100 hawakubadilika hata chembe, lakini mara ya kwanza tuliona umati na mara ya pili tuliona mtu mmoja amesimama peke yake. Mpita njia angesema watu wa mara ya pili wameshazoea shida. Angekosea, na nadhani hata wewe unakosea.

Sasa angalia kundi lenu kwa jicho hilo. Mtu anasoma tangazo lako usiku, peke yake, na simu yake. Anaona watu kumi wanaoandika kila siku, na mamia ya walio kimya. Ukimya wao anauelewa kuwa hawana habari. Yeye mwenyewe ana habari ila hajaandika, na wenzake nao wanauelewa ukimya wake vilevile. Kila mtu anajua mtaro ni kero, lakini hakuna anayejua kama wenzake wako tayari kutoka. Dole gumba halimsaidii kulijua hilo, maana linatolewa bila gharama na kila mtu anajua hivyo, kuanzia aliyelitoa.

Hapo ndipo kazi halisi ya vyombo vya habari ilipo. Tumezoea kudhani redio au gazeti humbadilisha mtu mawazo, kisha mawazo mapya yakamsukuma atende. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck aliufuatilia mchezo wa redio wa maridhiano uliorushwa Rwanda, na matokeo aliyochapisha mwaka 2009 yanafikirisha. Imani binafsi za wasikilizaji zilibadilika kidogo sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoyaona mambo ambayo jamii yao inayakubali na inayatarajia, na baadhi ya matendo yao yakafuata huko. Redio iliwaonyesha wenzao. Nchi hiyohiyo, kwa bahati mbaya, ilikuwa imeshaonja upande wa pili wa nguvu hii: mwaka 1994 kituo cha redio cha RTLM kilichochea mauaji ya kimbari, na mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wake. Naitaja habari hiyo kwa kuwa watu hupenda kusema mawasiliano ni kitu chema. Ni nguvu tu, na hufuata anayeishika.

Mfano ninaopenda kuwapa watu wenye swali kama lako ni wa mji wa Montgomery, Marekani. Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikamatwa kwa kukataa kumpisha abiria mzungu kiti kwenye basi. Usiku huohuo Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo na kiongozi wa baraza la wanawake weusi wa mji huo, akaingia chuoni na kuanza kuchapa vipeperushi kwa mashine ya kudurufu. Kulipokucha vilikuwa makumi ya maelfu. Ijumaa vikagawiwa shuleni, madukani, kwenye saluni na viwandani.

Tazama kilichoandikwa. Kipeperushi kilieleza kwa ufupi kwamba mwanamke mwingine amekamatwa. Kisha kikaomba jambo moja: Jumatatu usipande basi. Siku moja. Kikaongeza cha kufanya badala yake: kama unakwenda kazini, chukua teksi au tembea kwa miguu. Hakikumtaka msomaji aje kujadili ubaguzi, wala hakikumsimanga kwa kupanda basi miaka yote hiyo. Mtu aliyekishika alijua siku, alijua kitendo, alijua njia ya kukitimiza. Zaidi ya hapo, alijua jirani yake ana karatasi ileile mkononi. Jumapili wachungaji wakatangaza makanisani, mbele ya waumini waliokuwa wakitazamana, na gazeti la mji likaichapa habari ukurasa wa mbele. Jumatatu asubuhi mabasi yakapita karibu matupu, na kila aliyekuwa njiani akayaona. Kuanzia hapo basi tupu likawa tangazo kubwa kuliko karatasi. Mgomo wa siku moja ukadumu siku 381.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mtandao wa kugawa zile karatasi ulikuwepo kabla ya tukio. Baraza la akina Robinson lilikuwa limefanya kazi miaka kadhaa, na Mei 1954 alishamwandikia meya kumwonya kuhusu uwezekano wa kugomea mabasi. Mashine ya kudurufu iliharakisha kazi, lakini haikuwajenga wale waliopokea mabunda ya karatasi alfajiri na kujua wayapeleke wapi. WhatsApp yenu ndiyo mashine ya kudurufu. Wabebaji wa mabunda mmeshawapata? Mnao 14, na nitawarudia.

Kwanza nikuonyeshe kwa nini nasisitiza kuombwa ana kwa ana. Mwaka 1998, katika mji wa New Haven, Marekani, watafiti Alan Gerber na Donald Green waliwagawa wapiga kura wapatao 30,000 katika makundi kwa bahati nasibu: wengine waligongewa mlango na kuombwa wakapige kura, wengine waliletewa barua, wengine walipigiwa simu na watu wasiowafahamu. Waliotembelewa walijitokeza zaidi kwa kiasi kikubwa. Barua zilisaidia kidogo. Simu zile hazikusaidia kitu. Mwaka 2010 Facebook nayo ilijaribiwa kwenye uchaguzi wa Marekani, kwa watumiaji wapatao milioni 61. Walioonyeshwa tangazo tupu la kuwakumbusha kupiga kura hawakutofautiana na wasioonyeshwa chochote. Walioonyeshwa tangazo lilelile likiwa na sura za marafiki zao waliokwisha kupiga kura walijitokeza zaidi kidogo, na athari kubwa zaidi ilipita kwa marafiki wa karibu, wale ambao watu huonana nao. Yaani hata chombo chenye watu milioni 61 nguvu yake ilitoka kwenye sura inayofahamika.

Kuna utafiti mwingine nauona mzito zaidi, kwa kuwa hatari yake ilikuwa kubwa. Kiangazi cha 1964 vijana waliomba kwenda jimbo la Mississippi, Marekani, kusaidia kuandikisha wapiga kura weusi, kazi ambayo iligharimu maisha ya watu. Zaidi ya 700 walikwenda, na zaidi ya 200 waliokubaliwa hawakwenda. Mwanasosholojia Doug McAdam alizipata fomu zao na kuzilinganisha. Kwa imani na msimamo, waliokwenda na waliobaki walifanana. Waliokwenda walikuwa na watu wao wa karibu ambao nao walikuwa wanakwenda. Basi ukimwona mwenzako hakuja mkutanoni, kabla ya kuuliza kama anajali, uliza: ni nani wa kwake aliyekuwa anakuja?

Sasa niseme kidogo kuhusu ulivyowasema kwa ukali, na hapa nitakuwa mkweli. Huenda mmejiumiza. Katika mbuga ya Petrified Forest, jimbo la Arizona, Marekani, wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake wakajaribu vibao viwili. Kimoja kiliwaomba wageni wasichukue. Kingine kililalamika kwamba wageni wengi wamekuwa wakichukua na kuiharibu mbuga. Penye kibao cha ombi, chini ya asilimia 2 ya vipande vilivyowekwa kwa jaribio viliibwa. Penye kibao cha malalamiko, karibu asilimia 8. Kibao kile kilitaka kuaibisha, kikaishia kutangaza kwamba kila mtu anafanya hivyo. Unapoandika kwenye kundi "inasikitisha, watu 246 lakini wanakuja 14", umewathibitishia watu 232 kwamba kawaida ya hapa ni kutokuja. Ujumbe wa aina hiyo usitumwe tena, hata siku ukiwa na hasira ya haki.

Picha za kutisha zina shida inayofanana. Hofu humsukuma mtu kutenda pale anapoona kitendo kilicho ndani ya uwezo wake, kilichowekwa pembeni ya ile hofu. Bila hicho, anachoweza kukipunguza ni hofu yenyewe, na njia ya haraka ni kunyamazisha arifa za kundi.

Turudi kwenye redio na video. Sikatai kimoja wala kingine, nakataa kuanza navyo.

Redio ina sifa ambayo WhatsApp haina: ukisikia jambo redioni unajua na wengine wamelisikia, na jambo hilo linapata uzito hata mbele ya wenye ofisi. Lakini redio iliyowahi kuwatoa watu majumbani haikufanya kazi peke yake. Canada, kuanzia 1941, kulikuwa na kipindi cha wakulima ambapo majirani walikusanyika kwenye nyumba ya mmoja wao, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakapeleka majibu ya kikundi chao kwa waandaaji. Wito wao ulikuwa soma, sikiliza, jadili, tenda. Tanzania mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitumia njia hiyohiyo, na watu wazima wapatao milioni 2 walishiriki. Redio ilizungumza, lakini nguvu ilikuwa kwenye vikundi vya kusikiliza: viongozi wa vikundi waliofundishwa kabla, kijitabu mkononi, na mwisho wa mazungumzo uamuzi wa nini kifanyike pale walipo, kuchimba vyoo au kusafisha mazingira. Tangazo mnalotaka kulilipia lina sekunde chache na halina kikundi upande wa pili. Mkishakuwa na tendo la kuonyesha, mpigieni simu mwandishi wa kituo chochote kinachosikika kwenu. Atakuja bure, maana mtakuwa habari.

Na video? Hapa nina msimamo: video ya tatizo mnazo za kutosha. Video inayovuta watu ni ile inayoonyesha watu. Tarehe 9 Oktoba 1989, watu wapatao 70,000 waliandamana Leipzig, Ujerumani Mashariki, huku kila mtu akihofia kwamba askari watafyatua risasi. Hawakufyatua. Vijana wawili walilipiga tukio hilo picha kwa siri kutoka juu ya mnara wa kanisa, mkanda ukavushwa kwa magendo, na kesho yake televisheni ya Ujerumani Magharibi ikaonyesha, ambayo watu wa Mashariki walikuwa wakiitazama majumbani mwao. Picha zenyewe hazikuwa nzuri: usiku, mbali, hazijatulia. Lakini ziliwaambia watu wa miji mingine kitu ambacho hotuba isingeweza kuwaambia, kwamba tuko wengi na tumerudi nyumbani salama. Jumatatu iliyofuata Leipzig peke yake ilitoa umati wa zaidi ya laki moja. Kwa hiyo hela ya yule kijana ihifadhiwe. Siku mkiwa watu 60 mtaroni, simu ya mtoto wa nyumba ya tatu inatosha.

Wapo pia wanaoamini kwamba siku hizi mtandao ndio kila kitu. Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 28 Januari 2011, serikali ya Misri ilizima intaneti ili kuzima maandamano. Ijumaa hiyo umati uliongezeka. Watu walikuwa wameshajua siku, swala ya Ijumaa iliwapa mahali na saa bila kuhitaji tangazo, na waliokosa habari simuni wakatoka nje kuzitafuta. Jiulize: kundi lenu likifutwa leo usiku, ni nani angejua amgongee nani mlango? Kama jibu ni "hakuna", bado mna orodha ya namba za simu tu.

Basi mfanye nini? Wale 14 ndio mtaji wenu, na kwa wiki mbili zijazo sahau wale 232 kama umati. Kaeni 14 nyinyi, leteni majina, na kila mmoja achague watu wanane anaowafahamu kweli: aliyesoma naye, anayesali naye, ambaye watoto wao wanacheza pamoja. Msigawane kwa kufuata nyumba zilivyopangwa, fuateni mahusiano. Hapo mmegusa watu 112. Wengine watakubali na hawatatokea, na hilo lisiwavunje moyo.

Kabla ya kuwafuata, amueni mnaomba nini. Naogopa kwamba neno "mkutano" lenyewe limeshawachosha. Mkutano wa kujadili kero ambayo kila mtu anaijua ni ombi kubwa lenye faida isiyoonekana. Ombeni tendo moja lenye mwanzo na mwisho: kusaini barua moja kwenda ofisi inayohusika na mitaro, pale pale penye mtaro, kwa nusu saa. Na aliye kazini au anayeuguza asiachwe nje; aletewe barua asaini nyumbani, au apewe kazi ya kupiga picha zenye tarehe mvua ikinyesha.

Mazungumzo yenyewe yasiwe hotuba. Mwulize maji yaliingia hadi wapi mara ya mwisho, umsikilize amalize. Mwambie ni akina nani wanaokuja, kwa majina anayoyajua. Muulize: "Utakuwepo?" Akisema ndiyo, usiondoke. Endelea: "Utatokea wapi saa hiyo? Utakuja na nani? Nikupitie?" Maswali haya yanaonekana madogo, lakini katika uchaguzi wa mchujo wa Marekani wa 2008, huko Pennsylvania, wapiga kura waliopigiwa simu na kuulizwa mpango wao wa siku ile walijitokeza zaidi kuliko walioulizwa tu kama watapiga kura, hasa wale ambao nyumbani kwao hakuna mpiga kura mwingine.

Baada ya hapo ndipo WhatsApp inapata kazi yake. Tangazo lako la zamani nadhani lilikuwa hivi:

"Ndugu wakazi mnakumbushwa TENA kesho kuna mkutano muhimu sana. Tuache uzembe, mtaro ni wetu sote. Mliozoea kutokuja badilikeni!!!"

Jaribu hivi:

"Jumamosi saa 3 asubuhi, kwenye daraja la mtaro. Tunasaini barua moja, nusu saa tunatawanyika. Mpaka jioni hii nyumba 38 zimeshathibitisha, majina yako hapa chini. Ukija, ongeza jina lako na la utakayekuja naye. Huwezi kufika? Andika 'nyumbani', tutakuletea barua."

Hiyo idadi iwe ya kweli. Kama ni nyumba 11, andika 11, na usiongeze hata moja ya kupamba. Siku ya Jumamosi watahesabu wenyewe. Na usimwandike mtu yeyote mpaka amekubali kwa kinywa chake jina lionekane, maana wapo wenye sababu nzuri za kutotaka, mfano aliyeajiriwa na ofisi hiyohiyo mnayoiandikia.

Kuhusu maneno kwamba viongozi mna maslahi, msijibizane nayo kundini na msiyarudie ili kuyakanusha. Kila mnapoyarudia yanamfikia ambaye hakuwa ameyasikia. Wekeni mambo hadharani: mmekusanya shilingi ngapi, kama ipo, nani anaishika, barua imefika wapi. Mtoa habari hiyo awe mtu anayeaminika na wale wanaowatilia shaka, hata kama si kiongozi. Na kama hamna haja ya fedha kwa sasa, msichangishe, hata ya redio. Mchango wa mapema ndio huzaa maneno.

Baada ya Jumamosi kuna kosa ambalo makundi mengi hulifanya: kimya. Ndani ya siku hiyohiyo toeni picha ya waliofika, idadi ya sahihi, na hatua inayofuata yenye tarehe, hata kama ni ndogo kama "Jumatano watu watatu wanapeleka barua". Aliyebaki nyumbani anapaswa kuona alichokikosa. Jibu la ofisi likija, liwe zuri au baya, lisomwe na wote siku hiyo.

Nikuonye pia kwamba hata mkifanya yote haya, ofisi inaweza isijibu. Kukusanya watu ni jambo moja, kuibana mamlaka ni jingine, na mtaro mkubwa huenda unahitaji bajeti ambayo barua haiileti kwa mwezi mmoja. Wakati mwingine utakuta kipande kilichoziba kinaweza kuzibuliwa na watu 60 wenye majembe kwa siku moja. Mwulizeni fundi wa mitaro kabla ya kudhani hivyo, kwa sababu mtaro ulioziba unaweza kuwa na maji taka, vyuma au nyaya za umeme, na hapo kujitolea kunageuka ajali.

Kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia, na unahitaji mtu wa kuonana naye. La kwanza ni sheria. Kusaini barua hakuna shida kwa kawaida, lakini mkikusudia kukusanyika wengi hadharani, kuandamana, au kusambaza video inayomtaja mtu kwa jina kwamba ameiba, kanuni za vibali na za kashfa hutofautiana nchi na nchi, na kosa la admini mmoja linaweza kuwagharimu wote. La pili ni vitisho. Kama kuna yeyote kati yenu ameshapigiwa simu ya kuonywa, msiendelee kuorodhesha majina kundini. Hamieni kwenye kuonana ana kwa ana, na mtafute kwanza shirika la haki za binadamu au la msaada wa kisheria lililo karibu. La tatu, kama mgawanyiko ndani ya kundi umefika mahali pa kutukanana kwa ukabila, dini au chama, tafuteni mzee au kiongozi wa dini anayeheshimika pande zote awakalishe kabla ya Jumamosi yoyote ile.

Ukienda kwa mwanasheria, nenda na mwenzako mmoja. Beba nakala ya barua, picha zenye tarehe mkizipanga kuanzia ya zamani, na karatasi moja inayoonyesha lini mlikwenda ofisi gani na mlijibiwa nini. Historia ya kundi zima ya mwaka mmoja iache nyumbani, hana muda wa kuisoma.